Gari Safi

Mimi ni fundi pampu. Naanza na hilo kabla ya jina, maana akina Sufiani ni wengi hapa Korogwe, lakini aliyekuwa akifunga pampu ya dizeli kwa sikio tu, bila kipimo, na lori likatoka likiimba, kuanzia Manundu hadi Handeni mjini alikuwa mmoja.

Pembeni ya pampu ya lori la zamani kuna skrubu ndogo, haizidi ncha ya kidole. Ukiilegeza, injini inanywa dizeli nyingi kuliko inayoweza kuchoma, na ile isiyoungua inatokea kwenye ekzosi ikiwa moshi mweusi. Ukiikaza kwa kiasi chake, moshi unakwisha na dizeli inabaki kwenye tenki. Kulielewa hilo hakuhitaji chuo. Ila mwambie dereva wa lori kwamba umemwondolea moshi, atakuangalia kama umemvua suruali sokoni. Kwao moshi ndio nguvu. Lori lisilotoa moshi mlimani, wanasema, limeshakufa ila halijaambiwa.

Na mimi, niliyejua ukweli wote huo, ndiye niliyewalegezea. Miaka kumi na mitano. Wale mama wa Manundu wanaofunika nyanya zao kwa kanga kila lori linapopita, wakakohoa, wakalaani, walikuwa wakilaani mkono wangu bila kujua. Nililegeza kwa sababu ya Isaka.

Isaka alikuwa dereva, mtoto wa manamba wa mashamba ya mkonge, na rafiki yangu wa kunywa naye chai. Wakati huo barabara ya Handeni ilikuwa bado vumbi. Tajiri wake alilalamikia dizeli, basi Jumatatu moja nikamkazia Isaka skrubu. Siku tatu baadaye, akiwa na mzigo wa mahindi, lori lilikosa nguvu katikati ya kilima ambacho madereva hukiita Samahani, kwa kuwa hapo hata dereva mwenye mdomo mrefu hugeuka mpole. Likarudi nyuma, likaingia korongoni. Isaka alifia palepale, na lori likawa vipande.

Msibani hakuna aliyenitukana. Walinyamaza tu kila nilipopita, na kunyamaziwa ni kubaya kuliko kutukanwa. Tangu hapo kila dereva aliyefika gereji kwangu alikuwa na neno moja: "Fundi, fungulia." Nikawafungulia wote. Sikuwa na uso wa kubishana nao.

Mwaka huu akaja Asnath. Ni binti wa miaka ishirini na sita hivi, ametoka Tanga, ana kipimo cha moshi ndani ya sanduku jekundu na hana woga wa watu wazima. Kazi yake ni kuwasaidia wenye malori wapunguze moshi na gharama ya mafuta. Siku ya kwanza alifunga leso nyeupe kwenye ekzosi ya lori moja pale Manundu, akaomba injini ipigwe resi kwa dakika moja, kisha akaifungua leso mbele yetu. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kijiweni. "Hiki ndicho mnachomeza," akasema. Nilimchukia palepale, kwa kuwa alikuwa anasema kweli.

Aliyemwita Handeni ni Mama Swaumu, mjane mwenye malori matatu. Kuna mnunuzi wa machungwa mwenye yadi hapa Korogwe, na wateja wake wa nje wanataka wajue hata moshi wa lori lililobeba chungwa. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Masharti yalikuwa haya: Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, lori moja la Mama Swaumu lifike yadini na tani saba za machungwa, pampu ikiwa na lakiri isiyoguswa, na moshi uwe chini ya mstari wa mwisho kwenye kipimo. Likifaulu, malori yote matatu yana kazi msimu mzima. Lisipofaulu, anayauza kwa mtu wa vyuma chakavu, ambaye tayari alikuwa ameshakuja kuyazunguka mara mbili akiyagongagonga.

"Fundi," Mama Swaumu aliniambia, "najua kwa nini hukazi. Ila sina mtu mwingine."

Dereva wa lori lenyewe alikuwa Deogratius. Mtoto wa Isaka.

Jumatano mchana nikaenda Handeni, uani kwa Mama Swaumu. Deo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori lake. Akainuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Umekuja kufunga?"

"Nimekuja kufunga."

Akautazama mfuko wangu wa spana. "Basi kesho unapanda na mimi. Kiti cha pembeni. Tukipande pamoja."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali. Nikamwambia sawa, nikainama kwenye pampu ili asinione uso.

Asnath aliweka kipimo chake ekzosini, akawa ananisomea namba, nami nakaza robo kwa robo. Alipotamka, "Hapo, mzee, simama," mkono wangu ulikuwa umeshasimama. Sikio langu lilifika hapo kabla ya namba zake. Jambo hilo lilinifurahisha, halafu likaniuma, kwa sababu ndiyo sauti ileile niliyomwachia Isaka. Asnath akapitisha waya mwembamba kwenye skrubu, akaubana kwa lakiri. Kisha akatoa boksi lenye filta mpya ya hewa, kwani ile ya zamani ilikuwa imechoka. Nilimpa Deo aifunge mwenyewe. Kufunga filta si kazi ya fundi, nilijiambia, ni kazi ya yeyote mwenye vidole. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Wakati wa kuondoka Asnath aligeuka. "Deo, kesho saa mbili nataka gari safi."

Mimi nilielewa. Deo naye alielewa. Hatukuelewa kitu kimoja.

Asubuhi ya Alhamisi lori lilikuwa linang'aa kama sufuria za bibi harusi. Kebini, bodi, hata matairi yamepakwa rangi. Nikamtania Deo: "Unalipeleka posa?" Akajibu, "Dada amesema safi," akacheka kidogo, na mimi nikacheka. Tukaondoka na tani saba za machungwa, Asnath akitufuata nyuma na pikapu yake, ili autazame moshi wetu njia nzima.

Tambarare hakukuwa na neno. Tulipopita Misima nilisikia kitu ndani ya injini, kama mtu anayepumua na mafua. Nikakaza sikio. Halafu nikakumbuka namba za jana, na jinsi binti yule alivyoziamini kuliko kichwa changu chenye mvi, nikasusa. Nikajiambia, si wana kipimo. Hilo lilikuwa kosa la pili, na la mtu mzima mwenye kisirani.

Saa nne na nusu tukafika chini ya Samahani.

Deo alifanya ishara ya msalaba. Mimi nikasoma bismillahi moyoni. Akaingiza giya ya tatu, ya pili, ya kwanza. Lori likaanza kukwea, na kwa mita hamsini hivi nilidhani yamekwisha. Kisha ile pumzi ya mafua ikawa kikohozi. Nikatazama kioo cha pembeni: moshi mweusi tii, unatoka kwa mkupuo, umeimeza pikapu yote ya Asnath.

"Halivuti," Deo akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mzee, halivuti."

"Usiachie mafuta."

"Nimekanyaga mpaka mwisho."

Injini ikatetemeka, ikakata. Pakawa na kimya nisichokitaka tena maishani. Deo akasimama na uzito wake wote juu ya breki, akavuta na ya mkono, na bado niliona miti ya pembeni ikianza kwenda mbele. Tulikuwa tunarudi. Nyuma yetu kulikuwa na Asnath, na nyuma ya Asnath kona na korongo.

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka lami kwenye magoti yangu, na gogo tunalobeba chini ya bodi, na tairi linanijia polepole, halina haraka hata kidogo. Nikalisukumia gogo. Likapasuka ganda, likakwaruza lami, likashika. Nikakimbilia jiwe, nikalikita upande wa pili. Nikajigonga kidole, na kidole hicho hadi leo hakina ukucha.

Asnath alikuwa amerudisha pikapu hadi chini kabisa, akapanda mbio kwa miguu. Deo alishuka taratibu, jasho limemlowesha shati.

"Kata lakiri, mzee," akaniambia. "Legeza. Lipate nguvu tutoke hapa."

"Ukikata, mkataba hakuna," Asnath akasema, huku akihema. "Watakagua lakiri kabla ya kitu chochote."

"Dada, baba yangu alifia kwenye korongo hilo unaloliona. Pampu yake ilikuwa imefungwa hivihivi." Akaninyooshea kidole, bila kunitazama. "Na huyu ndiye aliyeifunga."

Asnath hakuwa analijua hilo. Akanitazama.

Nikatoa koleo mfukoni. Niseme ukweli, nilikuwa nakata. Nilishamwona mtoto yule akirudi nyuma kwenye kilima kilekile, na malori ya Mama Swaumu, pamoja na mapafu ya Manundu nzima, hayakuwa na thamani mbele ya hilo. Nikaingia chini ya bodi, nikaushika waya kwa meno ya koleo.

Tone la maji likaniangukia mkononi.

Nikadhani jasho. Likaja la pili. Nikatazama juu, na maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye kopo la filta ya hewa. Filta ya hewa haina kazi yoyote na maji.

"Deo. Umeosha nini?"

"Gari lote."

"Lote mpaka wapi?"

Akaanza kusitasita. Nikafungua kopo mwenyewe. Ndani kulikuwa na filta ileile ya zamani, karatasi zake zimelowa na kuvimba kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Injini ilikuwa inavuta hewa kupitia tope. Hewa haipiti, dizeli haiungui, nguvu hakuna, moshi unajaa. Skrubu haikuhusika hata kidogo.

"Mpya iko wapi?" nikauliza, na hapo nilikuwa napiga kelele.

"Nyuma ya kiti. Nimeitunza." Deo alisema kama mwanafunzi aliyekamatwa. "Niliona hii ikisafishwa bado inafaa. Nikaisugua kwa sabuni. Dada alisema gari safi."

Asnath akashika kichwa. "Nilimaanisha moshi," akasema. "Mungu wangu. Nilimaanisha moshi."

Ilikuwa saa tano kasoro. Tukafunga filta mpya, bado ina harufu ya boksi. Deo akapanda, akaniambia, "Panda, mzee. Uliahidi."

"Na nani atashika gogo?"

Nikabaki chini. Akawasha, injini ikatoa pumzi nzito moja, kisha sauti ikanyooka. Hiyo hata aliye na pamba masikioni angeijua. Akaachia klachi nusu, gurudumu likajiondoa kwenye gogo upana wa kidole, likaganda, likaongeza kidole kingine. Nikawa nalifuata nimeinama, gogo mikononi, hatua kwa hatua, mzee wa miaka hamsini na tisa anayepanda kilima akiwa na tairi la tani saba mbele ya pua yake. Asnath alishika jiwe upande wa pili. Nilikuwa nautazama mdomo wa ekzosi kama mtu anayesubiri daktari atoke. Kilichotoka kilikuwa joto tu, hewa inayotetemeka, na nyuma yake nikayaona majani ya mgunga jani kwa jani.

Kileleni Deo aliegesha injini ipoe. Asnath akarudi chini kuchukua pikapu. Nilimkuta Deo amekaa kwenye ngazi, ile filta iliyolowa iko magotini.

"Mzee," akasema, "gari la baba nalo lilioshwa."

"Lini?"

"Usiku wa kuamkia siku ile. Asubuhi palikuwa na ukaguzi wa wiki ya usalama barabarani, akataka gari safi. Nilikuwa darasa la sita. Nilitoa kila kinachotoka nikakisugua. Baba alifurahi, akaninunulia soda."

Sitadanganya: iliyotangulia ni furaha. Ilinipanda kifuani kama kijana aliyesikia amefaulu mtihani. Si mkono wangu. Miaka kumi na mitano, moshi wote ule, kunyamaziwa kote kule, na sikio langu lilikuwa sahihi tangu Jumatatu ile. Lori lile lilikuwa na filta ya karatasi. Niliijua vizuri, niliipuliza upepo mwenyewe siku nilipomkazia.

Kisha nikamwona Deo. Alikuwa anazikunja zile karatasi zilizolowa kwa kidole, moja moja, na midomo yake imekuwa myeupe. Alikuwa ameshafika nusu ya njia. Alikuwa ananisubiri mimi nimfikishe.

"Lori la baba yako," nikasema, "halikuwa na filta ya karatasi. Lilikuwa na zile za zamani za bakuli la oili. Zile hata ukizifua kila siku hazina shida."

"Kweli?"

"Nani fundi hapa?"

Akaiweka ile filta chini. "Basi ilikuwa skrubu."

Hapo palikuwa na mtego, na niliuona. Nikisema ni skrubu, hakuna dereva atakayekubali kufungiwa tena, na moshi utarudi palepale.

"Skrubu haina kosa," nikamwambia. "Ni mkono. Sikuwa na kipimo. Nilifunga kwa sikio, sikio likanidanganya, nikapitiliza. Jana tumefunga kwa namba, ndiyo maana umepanda."

Kuna watu wanaozika dhahabu ili isiibwe. Mimi nilikuwa nimezika kitu pekee nilichokuwa nacho, na nilizika kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tulifika yadini saa sita kasoro dakika kumi. Walikagua lakiri, wakaweka kipimo, moshi ukasoma chini ya mstari, mbali kabisa. Mama Swaumu alikuwa amekuja kwa basi, amekaa kwenye tenga tupu. Hakupiga vigelegele. Alifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanacheza. Madereva wengine wakakusanyika kushangaa lori lililopanda Samahani bila moshi, na mmoja, Ponsiano, akauliza kile walichokuwa nacho moyoni wote: "Na Isaka je?"

Deo alikuwepo. Nikarudia mbele yao neno kwa neno. Sikio langu, kosa langu.

Wakatikisa vichwa. Ponsiano akamgeukia Asnath. "Dada, sisi tutafungiwa. Ila atufungie mtu mwingine."

Asnath alinitazama muda mrefu. Halafu akaandika kwenye daftari lake jina la fundi wa Tanga mwenye mashine.

Huo ulikuwa mwezi wa saba. Hadi mwezi wa tisa malori kumi na moja yalikuwa yamefungwa, na mama wa nyanya pale Manundu walianza kuzisahau kanga zao mabegani. Gereji yangu ilikuwa kimya. Nilifagia asubuhi, nikafagia tena jioni, nikamkaripia mke wangu kwa makosa ya bure. Nilikuwa na uchungu, na sikuwa na wa kumwambia.

Ijumaa moja baada ya swala lori la Deo likaingia. Akashuka, akanisalimu, akakaa juu ya tairi bovu.

"Pampu inataka kuangaliwa," akasema. "Dada Asnath ameruhusu lakiri ifunguliwe, atakuja kufunga nyingine jioni."

"Fundi wa Tanga kafa?"

"Yupo." Akainama, akaokota nati chini, akaigeuza. "Mzee, ile filta ya gari la baba niliianika kwenye kichanja cha vyombo cha mama. Asubuhi ilikuwa bado mbichi, karatasi zimeshikana. Nikaifunga hivyohivyo kwa kuwa baba alikuwa ananihimiza." Akaiweka nati juu ya meza yangu. "Bakuli la oili halianikwi."

Nilitaka kumwambia alikuwa mtoto, kwamba hata watu wazima huosha wasichokijua, kwamba baba yake angemnunulia soda nyingine. Lakini alikuwa ameshapanda kwenye kebini.

"Kipimo ninacho," akasema kutoka juu, "dada ameniazima. Ila wewe anza na sikio."

Akawasha. Nikasogea, nikaweka mkono juu ya pampu, nikainamisha kichwa kusikiliza. Machozi yalikuwa yananitoka, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.